Kusafiri na Bunduki ya Upepo: Mwongozo Kamili Kuanzia Kabatini Hadi Kurudi Nyumbani

Bunduki ya upepo husukuma risasi kwa hewa, gesi au springi; haina baruti, na hapo ndipo watu wengi wanapoponzwa. Mtu ameinunua dukani kama anavyonunua mshipi wa kuvulia samaki, hakuulizwa leseni, na amezoea kulenga makopo uani kwake. Siku ya safari anaitupia kwenye buti la gari, juu ya mabegi. Saa tatu baadaye amevuka mpaka, na kile kilichokuwa kifaa cha michezo asubuhi sasa ni silaha isiyo na kibali. Bunduki ni ileile. Kilichobadilika ni ardhi iliyo chini ya magurudumu, na sheria hufuata ardhi.

Ninayaandika haya kwa sababu wanaoingia matatani kwa njia hii mara nyingi si wahalifu. Ni walengaji wa mashindano, wawindaji wa wanyama wadogo, wazazi waliomnunulia kijana wao zawadi. Na kesi ya silaha haiishi siku ile. Hubaki kwenye rekodi, ikakufuata kila unapoomba viza, kazi au leseni nyingine.

HATUA YA 1: Jiulize kama lazima iende

Swali hili liulize kabla ya jingine lolote. Kama unakwenda kutembea, kupiga kambi au kuona ndugu, iache nyumbani. Nasema hivi nikiwa mtu ninayeupenda mchezo huu: starehe ya kulenga shabaha jioni mbili hailingani na usiku mmoja wa mahabusu ugenini.

Kama unakwenda kulenga kweli, ulizia klabu ya huko uendako. Klabu nyingi zina bunduki za kuazima au kukodi, na mlengaji mgeni anaruhusiwa kuzitumia pale pale uwanjani chini ya msimamizi. Kwa mazoezi ya kawaida hiyo inatosha kabisa. Anayeshindana ndiye mwenye sababu nzito ya kubeba yake, maana kitako na kifyatulio vimerekebishwa kulingana na mwili wake. Huyo aendelee na hatua zinazofuata, asiruke hata moja.

HATUA YA 2: Ijue bunduki yako kwa namba

Sheria nyingi haziulizi jina la bunduki wala bei yake. Zinauliza nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, nayo hupimwa kwa jouli. Bila namba hiyo huwezi kujua uko upande gani wa sheria, na ofisa utakayemwandikia hataweza kukujibu.

Kuipata si kazi ngumu. Chukua uzito wa risasi kwa kilo, zidisha kwa mwendo wake uliozidishwa kwa wenyewe (mita kwa sekunde), kisha gawanya kwa mbili. Risasi ya gramu 0.53, ambayo ni uzito wa kawaida kwa mtutu wa milimita 4.5, ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde ina jouli 15 na kidogo. Risasi hiyohiyo ikitoka kwa mita 165 kwa sekunde ina jouli 7.2 tu. Ukitazama kwa macho huwezi kuzitofautisha bunduki hizo mbili, ilhali katika nchi kadhaa moja ni halali kwa kila mtu mzima na nyingine inahitaji leseni.

Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Watengenezaji hupenda kutangaza mwendo uliopimwa kwa risasi nyepesi sana, na mara nyingi huuandika kwa futi kwa sekunde. Zidisha kwa 0.3048 upate mita. Tena aina moja ya bunduki huweza kutoka kiwandani ikiwa na springi dhaifu kwa soko moja na springi kali kwa soko jingine. Kama uliinunua mkononi mwa mtu, huenda mwenye awali aliifungua akabadilisha springi bila kukuambia. Nenda kwenye klabu au kwa fundi mwenye kipima mwendo, piga risasi kumi, andika matokeo na tarehe, umwombe aweke sahihi.

Andika pia kipenyo cha mtutu, namba ya bunduki, na chanzo cha nguvu yake: springi, hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi, au kichupa cha kaboni dioksaidi. Hilo la mwisho litakuja kuwa na uzito mkubwa ukipanda ndege.

HATUA YA 3: Chora njia yote

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapoharibika. Msafiri huuliza sheria ya anakotoka na ya anakokwenda. Katikati hapaulizi. Lakini ukishuka kubadilisha ndege ukalazimika kuchukua mzigo wako na kuukabidhi upya, umeingiza silaha katika nchi hiyo, hata kama hukutoka nje ya uwanja. Gari likikata kona ya jimbo jingine kwa nusu saa, kwa nusu saa hiyo uko chini ya sheria ya jimbo lile.

Chukua karatasi, orodhesha kila nchi, kila jimbo na kila uwanja wa ndege utakaopita, pamoja na ule ambao ndege inaweza kupelekwa hali ya hewa ikichafuka. Halafu tafuta sheria ya kila kituo. Mifano ifuatayo inaonyesha jinsi zinavyopishana.

Uingereza peke yake inatosha kukuchanganya. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi takriban jouli 16.3 haihitaji cheti, na bastola ya upepo mpaka wake ni takriban jouli 8.1. Ukivuka kuingia Uskoti, bunduki hiyohiyo inahitaji cheti tangu tarehe 31 Desemba 2016, na mgeni anatakiwa kuomba kibali cha mgeni kabla ya kufika. Ukienda Ireland ya Kaskazini, mpaka unashuka hadi jouli 1, na Jamhuri ya Ireland nayo inatumia jouli 1. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa raia mwema asubuhi na mtuhumiwa mchana, bila kutoka nje ya nchi yake.

Ujerumani mpaka ni jouli 7.5, na bunduki lazima iwe na alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Bunduki dhaifu isiyo na alama hiyo haikusaidii. Italia nayo inatumia jouli 7.5. Uhispania mpaka wa kundi la kawaida ni jouli 24.2, namba inayovutia, lakini huko bunduki ya upepo inahitaji kadi inayotolewa na manispaa, na kadi hiyo hufanya kazi ndani ya mipaka ya manispaa hiyo tu. Uholanzi mtu mzima anaweza kuwa nayo nyumbani, lakini hairuhusiwi kubebwa wazi hadharani, na ile inayofanana mno na bunduki ya kweli imepigwa marufuku kabisa.

Kanada huangalia mambo mawili pamoja: mwendo unaozidi mita 152.4 kwa sekunde na nguvu inayozidi jouli 5.7. Ikivuka vyote viwili, inahitaji leseni kama bunduki ya baruti. Na usidhani dhaifu ndiyo salama. Ikiwa dhaifu kiasi cha kutoweza kumdhuru mtu vibaya, lakini imeundwa ifanane na bunduki ya kweli, Kanada inaihesabu kuwa bunduki ya kuiga, nayo hairuhusiwi kuingizwa nchini. Huko Australia bunduki za upepo zimo kwenye kundi la silaha zinazohitaji leseni. Japani ni hivyohivyo, na leseni yenyewe haipatikani kwa haraka ya msafiri.

Marekani inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu wengi huambiwa kwamba huko silaha ni huria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huhesabu kuwa bunduki kile kinachotumia mlipuko, hivyo bunduki ya upepo iko nje. Lakini majimbo yana yake: New Jersey inaihesabu kuwa silaha kamili, na Jiji la New York linaikataza bila leseni. Tena ile kinga ya mwaka 1986, inayomlinda msafiri anayepitisha bunduki iliyofungwa kutoka jimbo halali hadi jimbo halali, imeandikwa kwa ajili ya bunduki zinazotambuliwa na sheria ya shirikisho. Mwenye bunduki ya upepo asiitegemee. Hata hifadhi za taifa zina mtego wake. Tangu mwaka 2010 mtu anaweza kuwa na bunduki ya baruti ndani ya hifadhi endapo sheria ya jimbo inamruhusu, lakini bunduki ya gesi au ya springi bado ni silaha iliyokatazwa, isipokuwa iwe imefungwa ndani ya gari kwa namna isiyoweza kutumika upesi.

Sheria hizi hubadilika. Zichukue kama mifano, kisha kwa kila kituo kilichomo kwenye orodha yako iandikie polisi au mamlaka ya silaha ya pale. Taja jouli, kipenyo, tarehe, njia na sababu ya safari, uombe jibu la maandishi. Maneno ya simuni hayasaidii ukisimamishwa saa nane usiku na askari ambaye hakuwa kwenye simu hiyo. Kibali cha mgeni huchukua wiki au miezi, kwa hiyo anza mapema kuliko unavyodhani inafaa. Kama nchi moja tu katika njia haijajibu, badilisha njia au iache bunduki.

Chunguza pia vifaa vinavyoandamana nayo. Kizuia sauti kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ndicho kinachowaumiza wengi: mahali pengi kina sheria yake, na pengine kali kuliko ya bunduki yenyewe. Usipokuwa na uhakika nacho, kiache. Darubini za kuonea gizani nazo zina vikwazo vya kuingizwa na kutolewa katika nchi kadhaa. Na umri: pengi ni miaka 18, kwa hiyo kijana aliyezoea kulenga akiwa nawe nyumbani anaweza asiruhusiwe hata kuishika ugenini.

HATUA YA 4: Makaratasi

Beba risiti ya ununuzi, karatasi ya vipimo, vibali vyote, majibu ya maandishi, na barua ya mwaliko kutoka kwa klabu au waandaaji ikiwa na tarehe na mahali. Barua hiyo ndiyo ushahidi wako wa sababu halali, jambo linaloulizwa karibu kila mahali. Vitafsiri vibali kwa lugha ya uendako. Nakala moja ikae na bunduki, moja mwilini mwako, moja kwa mtu wa nyumbani anayeweza kuituma usiku wowote.

Raia wa Umoja wa Ulaya wasidhani pasi ya silaha ya Ulaya inawatosha. Pasi ile ni ya bunduki zinazotumia baruti. Kwa bunduki ya upepo kila nchi ina neno lake.

HATUA YA 5: Kuifunga

Sheria nyingi hutofautisha kubeba na kusafirisha. Kubeba ni kuwa nayo tayari kwa matumizi. Kusafirisha ni kuihamisha kutoka mahali halali hadi mahali halali, haiwezi kufyatuliwa na haifikiki kwa mkono. Ujerumani maneno ya sheria ni karibu hayohayo. Kazi yako katika kufunga ni kumfanya ofisa yeyote akifungua aone usafirishaji, asione ubebaji.

Toa risasi. Hakikisha mtutu ni mtupu kwa kutazama na kwa kupitisha kijiti cha kusafishia. Kama ni ya springi, isafiri springi ikiwa imelegea. Kama ni ya mtungi, punguza hewa yote na utoe mtungi. Weka bendera ya usalama, yaani kipande cha rangi kali kinachoonyesha kuwa bunduki haina risasi, ndani ya mtutu, ionekane. Kisha iingize kwenye sanduku gumu lenye kufuli, ufunguo ubaki nawe. Risasi na gololi ziwe kwenye kopo lake, katika begi jingine. Mfuko wa kitambaa wenye zipu hautoshi, na mfuko unaoonyesha umbo la bunduki unapotembea barabarani ni mwaliko wa matatizo.

Na usiifungue njiani kumwonyesha mtu. Mwishoni mwa Agosti 1803, mpelelezi wa Kimarekani Meriwether Lewis akianza safari yake kubwa ya kuelekea Bahari ya Pasifiki, alisimama kwenye kisiwa cha mto Ohio karibu na Pittsburgh, akawaonyesha wenyeji bunduki yake ya upepo. Aliyeishika hakuijua. Ikafyatuka, risasi ikamkwaruza mwanamke kwenye panda la uso, umbali wa mita 36 hivi. Yule mama alipona, lakini safari ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

HATUA YA 6: Njiani kwa gari, basi au treni

Sanduku likae kwenye buti. Gari lisilo na buti, liweke nyuma kabisa, chini ya mizigo mingine. Nenda moja kwa moja. Safari ya halali kutoka nyumbani hadi uwanja wa kulengea hupoteza uhalali wake ukipitia baa, shule au ofisi ya serikali, na England kuwa nayo hadharani bila sababu ya msingi ni kosa hata kama haina risasi.

Ukilala njiani, iulize hoteli kabla ya kulipia. Usiiache garini usiku. Ikiibiwa, swali la kwanza litakuwa uliilindaje. Kwa basi na treni, soma masharti ya msafirishaji, kwa sababu wengine hukataa silaha za aina yoyote hata kama sheria ya nchi inaruhusu.

HATUA YA 7: Kwa ndege

Kwenye begi la mkononi haiingii kamwe, wala vipande vyake, wala risasi. Inaweza kwenda katika mzigo wa kukabidhi, kwa masharti ya shirika la ndege, na mashirika yanatofautiana. Piga simu siku ya kukata tiketi, omba idhini iandikwe kwenye tiketi yako, na kama kuna ndege ya pili ya shirika jingine, pata idhini ya hilo pia.

Mitungi ndiyo inayokwamisha wengi. Mtungi wa bunduki ya mashindano hujazwa hadi kufikia shinikizo la bari 200 na zaidi, na uliojaa haupandi ndege. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani inataka vali iwe imetolewa kabisa ili mkaguzi aone ndani kuwa ni tupu. Mlengaji mwenye mtungi usiofunguka apige simu kwanza. Vichupa vidogo vya kaboni dioksaidi vya gramu 12 usivibebe, nunua ukifika. Tazama pia tarehe iliyochapwa kwenye mtungi: shirikisho la kimataifa la ulengaji linaweka ukomo wa miaka 10, na kufika mashindanoni na mtungi uliopitwa ni safari ya bure.

Siku yenyewe fika mapema, nenda kaunta, sema kwa sauti ya kawaida: "Nina bunduki ya upepo ya michezo, haina risasi, imefungwa kwenye sanduku hili, na vibali ni hivi." Itaje kabla mashine haijaitaja. Ukishuka, pita njia ya forodha ya wenye vitu vya kutangaza, hata kama foleni ya pili ni fupi na hakuna anayekutazama.

HATUA YA 8: Askari akikusimamisha

Kwa macho ya askari, bunduki ya upepo ni bunduki. Agosti 2014 huko Beavercreek, jimbo la Ohio, polisi walimpiga risasi na kumuua mwanamume wa miaka 22 aliyekuwa ndani ya duka, ameshika bunduki ya upepo aliyoichukua kwenye rafu ya duka hilohilo. Mtu alikuwa amepiga simu kuripoti mtu mwenye silaha. Hakuna kibali kinachosomeka kwa umbali huo.

Kwa hiyo zima injini, mikono juu ya usukani, taa ya ndani iwake kama ni usiku. Usianze kwa kutamka neno bunduki. Sema kwamba kwenye buti kuna sanduku lililofungwa lenye kifaa cha michezo cha upepo, kisicho na risasi, na kwamba makaratasi yako mahali fulani. Kisha uliza anataka ufanye nini. Usinyooshe mkono kuchukua chochote bila kuambiwa. Na usiseme ni kitu cha kuchezea tu, maana sheria ya pale ikiihesabu silaha, umeonekana unaficha.

Ukikamatwa, toa majina yako na pasipoti, uwe mpole, uombe wakili na mkalimani. Usitie sahihi maelezo usiyoweza kuyasoma. Kama uko nchi ya kigeni, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi unakupa haki ya kuomba ubalozi wako uarifiwe. Iombe kwa maneno wazi, na ukiweza wakati shahidi anasikia. Wakiichukua bunduki, dai hati yenye namba yake na jina la kituo.

Ukigundua njiani kwamba kituo kinachofuata hakikuruhusu, usivuke. Tafuta muuza silaha mwenye leseni au klabu upande uliopo, uikabidhi kwa hati, uichukue unaporudi. Usiitupe, usiifukie, usimpe mtu uliyekutana naye.

HATUA YA 9: Kurudi

Vibali vya kuingia mara nyingi havisemi lolote kuhusu kurudi. Angalia kabla ya kuondoka nyumbani kama forodha ya kwenu itakutaka uthibitishe kwamba bunduki ilitoka humo humo. Hati yenye namba yake, iliyogongwa muhuri siku ya kutoka, huondoa mjadala. Kila mstari wa njia usome upya kwa kurudi nyuma, hasa kama ndege ya kurudi inapita kwingine. Ukifika, fungua sanduku, linganisha namba, jaza mtungi polepole, pima tena mwendo, na faili lote la safari liweke pamoja na bunduki.